Mipira Miwili Niliyoisafisha kwa Siri

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Mama yangu amelikataa neno hilo. Anasema anayestaafu ni mtu mwenye mvi, mie nimeacha kazi tu, na walioacha kazi hawana la kumfundisha mtu. Lakini kifua changu kimestaafu kweli, daktari kaniandikia. Kwa hiyo nawaandikia nyie mnaokaa sasa kwenye benchi langu pale Keko, katikati ya maseremala, mkitengeneza viti vya meno kama nilivyovitengeneza mie kwa miaka kumi na sita. Aya hii nimeiandika upya mara saba. Mtanivumilia, maana huo ndio ugonjwa wenyewe ninaotaka kuusimulia.

Mgonjwa akilala kwenye kiti cha meno huangalia taa na kuiogopa drili. Mie niliogopa mipira. Mnaijua: ile myembamba kuliko mrija wa soda, inayopita ndani ya mkono wa kiti kupeleka maji kwenye drili na kwenye kinyunyizi. Maji husimama humo usiku kucha, Jumapili nzima, Idi nzima. Yakisimama, ukutani mwa mpira huota utando. Kateni mpira wa miaka mitatu, mpitishe ukucha ndani, mtauona: utelezi wa rangi ya uji, kama ule ulio chini ya kibao cha sabuni bafuni. Ndani ya utelezi huo wamekaa bakteria, na maji yanayopita hapo yanaingia kinywani mwa mtu mwenye kidonda.

Aliyenionyesha utando huo kwa mara ya kwanza ni Ami Seif. Ukoo wake uliuza vipuri Mtoni tangu enzi za babu yake, yeye akahamia Keko, akawa anakusanya viti vibovu kutoka zahanati za meno na kuvifufua. Siku ya kwanza nilikwenda kwake kununua skrubu. Nilisimama dukani saa nzima nikilinganisha skrubu mbili zilizofanana, mpaka akachoka.

"We kijana, unazioa hizo?"

"Nataka iliyonyooka, Ami."

"Zote zimenyooka."

"Hii imepinda kidogo kichwani."

Akaichukua, akaivalia miwani, akaitazama sana. "Njoo kesho," akasema. "Uje na nguo za kazi."

Sikusoma chuo chochote. Nilijifunza kwa vitabu vya mafundi vilivyochanika, kwa simu, kwa kamusi, na kwa kelele za Ami Seif. Mwenye cheti akikosea husema chuoni hawakutufundisha. Mie nikikosea sina wa kumsingizia. Ndiyo maana nilikuwa nafunga skrubu, naifungua, naifunga tena. Nilikuwa namaliza kiti zahanati ya Boko, nafika kituoni, narudi kuhakikisha kama nilifunga koki. Nesi wa pale alinizoea. Akiniona mlangoni alisema kabla sijasalimia, "Umeifunga, kaka Idi. Nenda nyumbani."

Kanuni ya Ami kuhusu mipira ilikuwa nyepesi, na bado ni kweli. "Chukulia kinywa cha mtu aliyefunga," alisema. "Asubuhi lazima kisukutuliwe kabla hakijazungumza na watu." Maana yake: dakika mbili za maji kupita bure kabla ya mgonjwa wa kwanza, nusu dakika baina ya mgonjwa na mgonjwa, na kabla ya siku ya mapumziko maji yatolewe yote na mipira ipulizwe upepo mpaka ikauke. Madaktari wana haraka, watawaambia dakika moja inatosha. Simameni pale pale na saa mkononi. Msione haya.

Lakini mie kusukutua hakukunitosha. Nilitaka mpira uwe kama siku ulipotoka kiwandani. Nilizidisha klorini, mipira ikakakamaa na kupasuka. Nikapunguza, utelezi ukarudi baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu klorini inaua walio juu na walio chini wanabaki wamejifunika. Halafu siku moja nikafanya kosa ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Maji yetu yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe, na ukoko huo tunautoa kwa asidi. Nikaona kwa nini nipoteze muda, nitoe ukoko na utando kwa mkupuo mmoja. Nikamimina asidi kwenye ndoo yenye klorini.

Msifanye hivyo kamwe. Kilichopanda kutoka ndoo ile hakikuwa na moshi wa kutisha, ni harufu tu iliyonishika koo kama mkono. Ami Seif alinivuta kwa kola hadi nje, akanilaza kwenye kitu cha kwanza alichokiona, sofa mpya ya jirani, bado ina nailoni yake. Mie nakohoa machozi yananitoka, fundi sofa kasimama juu yangu kashika nyundo.

"Akitapika hapo, Ami, hiyo sofa ni yenu."

"Hatapiki," Ami akamjibu. "Huyu hata kutapika atatafuta ndoo safi kwanza."

Nilicheka, kucheka kukanizidishia kikohozi. Kifua hakikurudi kuwa kile. Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa, nikivaa barakoa, hadi daktari akasema basi. Hiyo ndiyo hadithi ya kustaafu kwangu. Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya ndoo ile. Ndoo ile iliniumiza mie peke yangu. Nimekaa kuandika kwa sababu ya Hidaya.

Hidaya alikuja karakana mwaka uliofuata, mwalimu wa biolojia wa sekondari, anakaa Boko, anasomea shahada ya pili. Shule ilimpa ruhusa fupi ya kumaliza utafiti wake. Alisimama mlangoni huku vumbi la mbao la majirani likimtua kwenye mtandio.

"Shikamoo Ami. Nasikia hapa mnatupa mipira michafu ya viti vya meno."

"Marahaba mwanangu. Watu huja mtaa huu kuulizia makochi. Wewe ni wa kwanza kuulizia uchafu."

Akatueleza. Bakteria, alisema, wanashika ukuta wa mpira mmoja mmoja, na aliye peke yake hana nguvu ya kujenga. Lakini kila mmoja anatoa kemikali kidogo sana, mfano wa harufu. Wakiwa wachache harufu inapotelea kwenye maji. Wakijazana mahali pamoja inakolea, kila mmoja anaihisi, na kwa hiyo anajua wako wengi. Hapo ndipo wanaanza kujenga ule utando kwa pamoja.

"Ni kikao," alisema. "Hakianzi mpaka akidi itimie."

"Basi wana adabu kuliko wajumbe wa mtaa wetu," Ami akasema. "Wale wanaanza wakiwa wawili na chupa ya soda."

"Sasa mie siwaui, Ami. Nawaziba masikio tu. Wawe maelfu, lakini kila mmoja adhani yuko peke yake. Wakikosa kusikiana hawajengi, au wanajenga kibovu, maji yanakiondoa."

Dawa yake ya kuwaziba masikio ilitengenezwa maabara kwa kuiga kemikali ya mwani fulani mwekundu wa baharini, ambao mawe ya jirani yake yanateleza na wenyewe unabaki safi. Nilikaa kwenye stuli nikiwa na bisibisi mkononi. Miaka yote ile nilikuwa napigana na ukuta, na huyu dada anasema ukuta haujengwi kama mafundi hawasikiani. Niliona wivu. Nakiri. Niliona pia kitu kama tumaini.

Tulimfungia mipira minne mipya kwenye kiti kibovu nyuma ya karakana. Namba moja na namba mbili mitupu. Namba tatu na namba nne imepakwa dawa yake ndani. Yote inapitisha maji ya bomba dakika mbili kila asubuhi, kisha maji yasimame, kama zahanati. Siku ishirini na moja.

"Hakuna kusafisha, kaka Idi," alisema, akinitazama mie, siyo Ami. "Moja na mbili lazima ichafuke. Ule uchafu ndio ushahidi wangu. Isipochafuka, siwezi kusema dawa imezuia nini."

"Nimeelewa," nikasema. Na nilielewa. Msije mkadhani sikuelewa.

Siku ya kumi nilianza kuuona. Siku ya kumi na mbili mdomo wa mpira namba moja ulikuwa na ulimi wa kamasi unaning'inia. Benchi langu linatazamana na kiti kile. Nilikula chakula changu nimekigeuzia kiti kile mgongo, nikawa najua uko nyuma yangu. Kila mteja aliyeingia niliona anauangalia, na anasema moyoni, hawa ndio wanaotengeneza viti vya wagonjwa. Nilitundika kitambaa mbele yake. Nikaanza kufikiria kilicho nyuma ya kitambaa.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Ijumaa. Ami Seif alitangulia msikitini, nikamwambia namfuata. Nikavuta bomba la sindano, nikakoroga klorini hafifu, nikaipitisha kwenye mpira namba moja. Nikaiacha dakika kumi, nikasuuza mara tatu. Nikaona namba mbili imeonewa, nikaisafisha nayo. Tatu na nne sikuigusa, maana haikuwa inanikera. Nikajiambia siku nane zilizobaki zinatosha ichafuke tena, hakuna kitakachoharibika. Nilifanya kazi nzuri kiasi kwamba hata mie nisingegundua, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikaenda kuswali. Kwa mara ya kwanza tangu jaribio lianze niliswali nimetulia.

Siku ya ishirini na moja Hidaya alikuja na rangi ya zambarau. Ni ile ile dawa ya zambarau tuliyopakwa vidonda vya mdomo utotoni, inashika kwenye utando. Mpira ukiwa na utando mwingi unatoka zambarau iliyoiva, ukiwa safi rangi inaondoka na maji. Akakata vipande vya mipira yote minne, akavitia rangi, akavisuuza, akavipanga kwenye kitambaa cheupe.

Vyote vinne vilikuwa vimepauka, kama kanga iliyofuliwa mno.

Aliviinamia muda mrefu. Akavigeuza. Akaangalia namba alizoandika, labda alichanganya. Hakuchanganya.

"Hakuna tofauti," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Labda maji yenu ya bomba yana klorini nyingi. Labda ndiyo imezuia yote."

Aliniangalia. Alikuwa anamuuliza fundi, mtu anayejua maji ya pale.

"Labda," nikasema.

Nawaomba mlipime neno hilo. Ni dogo, halina hata jina la mtu ndani yake. Hidaya akakunja kitambaa chake, akaaga kwa heshima, akaenda.

Siku tatu nilifanya kazi kama mtu mwenye homa. Nilihesabu njia za kutosema. Pengine kemikali yenyewe kweli haifanyi kazi, basi nimeharibu nini? Pengine ataomba muda arudie, bila mie kutia mdomo. Pengine nikisema, Ami atanifukuza, na mtu asiye na cheti akifukuzwa Keko anaanzia wapi? Siku ya nne Ami Seif alishusha simu, akasema, "Yule mwalimu anakuja Jumatatu kuchukua vitu vyake. Amemwambia msimamizi wake dawa haifai kwenye maji ya bomba. Anaandika hivyo, ruhusa yake inaisha. Maskini, alivyokuwa na furaha."

Nikaona kitu ambacho sikukiona kabla. Akiandika hivyo, mwingine atakayekuja atasoma, ataacha njia hiyo. Zahanati zitaendelea na klorini. Na fundi mwingine, mjinga mwenye haraka kama mie, atamimina asidi kwenye ndoo.

Nikaandika barua. Nikaiandika upya mara nne, ya mwisho nikaikopi kwa mwandiko mzuri. Nikaenda Boko Jumapili asubuhi. Hidaya alitoka getini na mikono ina unga, anakanda chapati.

"Kaka Idi! Karibu. Kuna nini, Ami mzima?"

"Mzima. Soma hii kwanza kabla hujanikaribisha."

Akajifuta mikono, akasoma amesimama. Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Aliuliza, macho yakiwa kwenye karatasi:

"Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

"Klorini kiasi gani?"

"Kijiko kimoja cha chai kwa lita."

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Halafu nikasuuza mara tatu."

"Mara tatu." Akacheka, kicheko kikavu. "Yaani hata kuniharibia, umeniharibia kwa usafi."

Ndipo machozi yakamtoka. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikwambia labda maji yana klorini. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ungeniambia siku ile ile unaitia klorini, ningeiandika, tungeanza upya, ningekuwa nimemaliza. Mie sijakasirika kwa kusafisha. Nimekasirika kwa ile labda."

Unga uliobaki mikononi mwake uliingia kwenye barua yangu yenye mwandiko mzuri.

Alimwandikia msimamizi wake kila kitu, siku, kijiko, dakika. Akapewa wiki tatu za mwisho. Mkuu wa shule alinuna, lakini akakubali. Ami Seif nilimwambia mwenyewe.

"Wafanyakazi wa wenzangu wanaiba vipuri," alisema. "Wangu anaiba uchafu."

Hakunifukuza. Alikwenda kwa seremala wa jirani, akarudi na sanduku la mbao la kufunika kiti chote kile, lenye kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Kila asubuhi alilifungua mwenyewe, akapitisha maji dakika mbili, akalifunga. Mie nilikaa nalo siku ishirini na moja. Nilisikia maji yakipita. Wiki ya tatu nilianza kusikia na harufu, au nilidhani nasikia.

"Ami, namba moja imeshaanza kunuka."

"Mashallah," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Siku ya kufungua, Hidaya alinipa mie kisu. "Kata wewe. Nataka uone." Nikakata. Tukatia rangi, tukasuuza. Namba moja na namba mbili zilitoka zambarau nzito, nyeusi karibu, kama bilinganya. Tatu na nne zilikuwa na rangi, msidanganywe na mtu, hazikuwa nyeupe. Lakini ilikuwa hafifu, na sehemu nyingine ilitoka yenyewe kwa maji matupu. Hidaya alikaa chini sakafuni kwenye vumbi la mbao na sketi yake ya kufundishia. Ami akasema alhamdulillah mara tatu. Mie nilikishika kile kipande cha namba moja, kichafu kuliko vyote nilivyowahi kuvishika, na nilitamani kisioshwe kamwe.

Dawa ile bado ni ya utafiti. Msije mkaipaka kwenye kiti cha mtu, haijaruhusiwa, na Hidaya mwenyewe alijaribu kuipitisha kwenye mpira wa zamani uliokwisha jaa utando, haikufanya kitu. Akidi ikishatimia umechelewa. Kwa hiyo dakika zenu mbili za asubuhi ziko pale pale.

Tasnifu yake alituletea karakana, nakala moja, ipo kwenye rafu juu ya vipuri vya taa. Imeandikwa Kiingereza, akanitafsiria ukurasa mmoja. Katikati yake pana sentensi inayosema kwamba katika jaribio la kwanza, siku ya kumi na tatu, mpira namba moja na namba mbili ilisafishwa na fundi kwa klorini kijiko kimoja kwa lita, dakika kumi, ikasuuzwa mara tatu, na kwa hiyo matokeo ya jaribio hilo yameachwa. Jina langu halipo. Ami Seif alisema, "Umeingia kitabuni, shetani wewe, kwa mlango wa choo."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa kwa mikono hii. Siku ni ile. Kijiko ni kile. Dakika ni zile. Nimetafuta cha kurekebisha, sijakiona.